Ahadi ya Talaka na Fungu la Mirathi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeyagawanya mafungu ya mirathi kwa hukumu Yake, asimwachie mwanadamu kuyagawanya kwa mapenzi ya moyo wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na ali zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Katika mji wa Pangani, na Bweni ng'ambo ya mto, na katika miji ya pwani tangu Tanga hata Saadani, liko neno ambalo huzuka baada ya khitima. Maiti amekwisha zikwa, watu wametawanyika, na wanawe wamekaa barazani wangoja kugawanyiwa. Mara hubisha hodi mwanamke mtu mzima, mtalaka wa marehemu wa tangu miaka ishirini nyuma, naye amefunga karatasi katika pindo la kanga. Karatasi ile imeandikwa kwa harufu za Kiarabu na maneno yake ni ya Kiswahili. Wajukuu waliosoma harufu za Kizungu peke yake hawaijui isemavyo, hata aitwe mwalimu wa chuo aisome.

Na ikisomwa, husikilizana maneno kama haya: Siku ya talaka mume alisema, nikifa nyumba ile ni ya mwanamke huyu. Au, shamba la minazi litakuwa la wana wa mke huyu, wala wana wa mke mwingine hawana fungu. Au mwanamke alisema, nimesamehe mahari yangu kwa kuwa nimeahidiwa nyumba. Hapo warithi husema: Ahadi hiyo imekufa pamoja na mwenyewe. Na mwanamke husema: Ahadi ni deni. Kila upande una kweli kidogo na una kosa, na wengi hutoka barazani wakiwa wamekata udugu.

Basi risala hii ni kubainisha hukumu ya jambo hilo kwa madhhabu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhhabu ya watu wengi wa pwani. Na jawabu yake kwa ufupi ni hii: Hapana ahadi iwezayo kumfanya mtu mrithi asiyefanywa mrithi na Mwenyezi Mungu, wala kumtoa aliyewekwa na Mwenyezi Mungu. Walakini si kila karatasi ya talaka ni ahadi ya mirathi. Katika hizo mna deni, na mna hiba, na mna wasia, na mna ahadi tupu. Na kila moja ina hukumu yake. Atakayezichanganya atadhulumu, ama atamdhulumu mtalaka, ama atawadhulumu warithi.

MIRATHI HAIFANYWI KWA MAPATANO

Zamani za ujahili Waarabu walikuwa wakirithiana kwa viapo. Mtu humshika mwenziwe mkono akapatana naye kuwa damu yao ni moja, na kwamba atakayetangulia kufa atarithiwa na aliyebaki. Ulipokuja Uislamu, mirathi ya viapo iliondolewa, ikathibiti kwa nasaba na ndoa, kama ilivyobainishwa mwisho wa Sura ya Anfal, na mafungu yakatajwa katika Sura ya Nisaa, aya ya 11 na ya 12 na ya 176. Hili ndilo asili ya mas-ala haya yote. Ikiwa kiapo cha watu wawili waliochanganya damu zao hakimfanyi mtu mrithi, basi maneno ya siku ya talaka, yaliyosemwa kwa hasira au kwa haya mbele ya wazee, hayawezi kufanya zaidi ya hayo.

Mwanamke aliyeachwa talaka rejea, mume akafa naye yumo edani, huyo ni mrithi; fungu lake ni lake ijapokuwa karatasi yasema hana kitu. Eda ikiisha, au talaka ikiwa ni ya bain, urithi baina yao umekatika. Hata sahaba walipata mas-ala katika mlango huu: Abdurrahman bin Auf alimtaliki mkewe Tumadhir binti Asbagh katika maradhi yake, na alipokufa Sayyidna Uthman alimpa mwanamke yule urithi. Maimamu wamekhitalifiana kwa kisa hicho. Wengine humrithisha mwanamke aliyeachwa katika maradhi ya mauti, ili mume asipate kumkimbiza na haki yake. Na kauli yenye nguvu kwa Shafii ni kwamba aliyeachwa bain harithi.

Na katika kisa hicho mna faida nyingine. Imepokewa kuwa Tumadhir alisuluhiwa, akachukua mali akaliacha fungu lake. Sulhu ile ilikuwa baada ya kufa mume, haki imekwisha kuwa mkononi mwake. Ama kuiacha haki ya urithi kabla mwenye mali hajafa ni kuacha kitu kisichokuwapo bado. Kwa hiyo mwanamke aliyeandika siku ya talaka, Mwanangu hatadai urithi kwa babaye, maneno yake hayana nguvu. Mtoto yule atarithi kama ndugu zake, kwa kuwa mama hana amri ya kuliuza fungu la mwanawe.

DENI HUTANGULIA WARITHI

Mali ya maiti haiwi ya kugawanywa ila baada ya mambo matatu: maziko yake, na madeni yake, na wasia wake katika thuluthi. Deni hutangulia wasia, na wasia hutangulia mafungu. Basi jambo la kwanza la kutazamwa katika karatasi ya talaka ni deni.

Mahari iliyobaki kwa mume ni deni kama deni la duka. Haifi kwa talaka, wala kwa kupita miaka, wala kwa mume kuoa wake wengine. Aliyekufa naye anadaiwa mahari, mali yake imefungika kwa deni hilo hata lilipwe, ijapokuwa litaimaliza mali yote na warithi wasipate kitu.

Hapa ndipo palipo na dhulma nyingi. Warithi huisoma karatasi wakasema: Amesamehe mahari, na ahadi ya nyumba haina nguvu; basi hana hili wala lile. Lazima itazamwe alisamehe kwa ajili ya nini. Ikiwa alisamehe mahari iwe ndiyo badali ya talaka yenyewe, hiyo ni khului, yaani mwanamke kujikomboa. Asili yake ni kisa cha mke wa Thabit bin Qays, aliyerudisha bustani akaachwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Talaka imekwisha pita, mahari imekwisha, wala hana la kudai. Lakini ikiwa aliufunga msamaha wake kwa sharti la kupata nyumba baadaye, basi kwa madhhabu ya Shafii kusamehe deni kwa kulifungamanisha na sharti hakusihi. Msamaha ukibatilika, deni hurudi mahali pake. Haiwi sharti likavunjwa na msamaha ukabaki. Mwanamke akakosa nyumba na akakosa mahari. Nyumba haipati kwa njia hiyo, lakini mahari yake atalipwa kabla warithi hawajagusa hata nazi moja.

Na kama karatasi yasema, Mimi fulani nadaiwa na mtalaka wangu kadha wa kadha, hiyo ni ikirari ya deni, si ahadi. Ikithibiti, hulipwa katika mali yote wala haifungwi na thuluthi. Walakini mtu na aogope kukiri deni la uwongo ili awapunguzie warithi wake. Mwenyezi Mungu ameyataja madeni na wasia katika aya ya mirathi, akashurutisha kusiwe na kudhuru.

HIBA NI KUKABIDHI

La pili ni hiba. Ikiwa mume alisema siku ile, Nimekupa nyumba hii, mwanamke akakubali, mume akatoa vyombo vyake, akampa funguo, akamwachia aitumie apendavyo, basi nyumba imekwisha toka katika milki yake tangu siku hiyo. Si mirathi, wala warithi hawana neno nayo, ijapokuwa hati ya serikali ilibaki na jina la marehemu. Watakaoficha kukabidhi huko nao wakujua, wanakula mali ya mtu.

Ama ikiwa alisema, Nimekupa, kisha akaendelea kukaa mwenyewe, au kuipangisha akala kodi yake, au minazi ikaangushwa kila mwangusho na fedha ikaingia mfukoni mwake, hiba ile haikutimia. Mfano wake ni Sayyidna Abubakar. Alikuwa amempa binti yake Bibi Aisha tende wasaki 20 katika mali yake ya Ghaba, naye hakuzikata wala hakuzikabidhi. Abubakar alipohudhuriwa na mauti, mwaka wa 13 wa Hijra, alimwambia kuwa lau angalizitwaa zingalikuwa zake. Walakini siku ile zimekuwa mali ya warithi, basi zigawanywe kwa hukumu ya Kitabu. Naye Aisha ni mama wa waumini, na mtoaji ni khalifa wa Mtume. Ikiwa hao walisimama katika mpaka huo, nani wa Pangani atakayeuruka?

Na Mashafii husema: Mtoaji akifa kabla ya kukabidhi, warithi wake husimama mahali pake, nao wana hiari, wakitaka hukabidhi, na wakitaka huzuia. Basi hapa kadhi hawalazimishi, lakini mlango wa wema uko wazi mbele yao.

Mtu na aangalie pia maneno aliyoyasema. Aliyesema, Kaa humu, amemwazima makazi. Na kwa mauti yake maazimo hukoma. Ama aliyesema, Nimekupa nyumba hii umri wako, kisha akakabidhi, kwa madhhabu ya Shafii amekwisha itoa. Ni ya mwanamke yule, na baada yake ni ya warithi wake, wala hairudi.

WASIA KATIKA THULUTHI

La tatu ni wasia. Karatasi isemayo, Nikifa nyumba ni ya mtalaka wangu, haina maana nyingine ila wasia. Na wasia kwa mtalaka aliyekwisha eda wasihi, kwa kuwa si mrithi. Walakini una mipaka mitatu. Wa kwanza, haupiti thuluthi ya mali iliyobaki baada ya maziko na deni, ila warithi wakiridhia. Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka alitaka kutoa zaidi, Mtume akamzuia hata thuluthi, akamwambia kuwa nayo ni nyingi. Wa pili, mwenye kuusia ana ruhusa ya kurejea maisha yake yote. Akiuza nyumba ile, amerejea. Wa tatu, hutazamwa siku ya kufa: akimrejea mwanamke akafa naye ni mkewe, amekuwa mrithi, na wasia wake umesimama juu ya ridhaa ya warithi wengine.

Mfano. Zaidi amekufa Pangani. Nyumba yake ni ya shilingi 4,000,000, shamba la minazi 3,500,000, na fedha 1,500,000, jumla 9,000,000. Maziko yametumia 300,000, na Zainabu, mtalaka wake, anamdai mahari 600,000. Imebaki 8,100,000, na thuluthi yake ni 2,700,000. Zaidi alimuusia Zainabu nyumba. Basi Zainabu atalipwa kwanza mahari yake, kisha atapata katika nyumba kadiri ya 2,700,000. Na 1,300,000 iliyozidi ni ya warithi, ila wakiridhia. Imebaki kugawanywa 5,400,000. Amemwacha mke mmoja, na wana wawili wanaume, na binti mmoja. Mke ana thumni, 675,000. Kila mwana mwanamume 1,890,000. Na binti 945,000. Hivyo kila mwenye haki amefikiwa na haki yake, wala hapana aliyehitaji kupiga kelele.

Ama ahadi ya kuwapa wana wa mke mmoja shamba lote baada ya mauti ni wasia kwa warithi, nao haupiti ila kwa ridhaa ya warithi wenzao, waliobaleghe wenye akili, baada ya kufa baba. Ridhaa waliyoitoa baba yu hai haiwafungi. Na atakayetaka kuwapa wanawe katika uhai wake na akumbuke kuwa Mtume alikataa kushuhudia kipawa cha baba yake Nuaman bin Bashir, alipompa mwana mmoja akawaacha wengine.

AHADI TUPU

Iliyobaki ni ahadi tupu: Nitakutazama, Hutapata tabu, Nitakujengea. Mashafii na wanavyuoni wengi wasema kuitimiza ni sunna yenye mkazo, na kadhi hamlazimishi mtu kwayo. Wafuasi wa Imamu Malik, katika kauli mashuhuri yao, humlazimisha mwenye ahadi ikiwa ahadi yake imemwingiza mwenziwe katika gharama. Walakini hata kwao hapana ahadi igeuzayo mafungu ya mirathi.

Wako watu wakisikia neno hili, Kadhi hamlazimishi, hufurahi. Maskini hao hawajui kuwa kisicholazimishwa na kadhi wa dunia hakikufutwa kwa Kadhi wa Akhera. Mtume amehesabu kuvunja ahadi katika alama za unafiki. Mwanamume aliyeahidi siku ya talaka naye moyoni amekusudia kutotimiza, ili mwanamke atoke nyumbani kwa upole bila kudai, amemhadaa. Na hadaa hiyo ataikuta katika daftari yake pasipo mwanasheria wa kumtetea.

USHAHIDI NA MAHAKAMA

Karatasi peke yake haitoshi. Mali huthibiti kwa mashahidi wawili wanaume, au mwanamume mmoja na wanawake wawili, au kwa shahidi mmoja pamoja na yamini ya mdai. Mashahidi wa miaka ishirini nyuma wengi wao wako makaburini. Basi aliye hai na atoe ushahidi wake sasa, wala asiufiche.

Na watu wajue hali ya mahakama. Mahakama za maliwali na makadhi zilikoma Tanganyika mwaka 1963. Kadhi wa BAKWATA, jumuiya iliyoundwa mwaka 1968, husuluhisha na kutoa fatwa, wala hana nguvu ya dola ya kumlazimisha mtu. Unguja na Pemba mahakama za kadhi zina nguvu kwa sheria, na Kenya zimetajwa katika Katiba ya mwaka 2010. Pangani mirathi ya Muislamu hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, nayo huweza kuigawanya kwa sheria ya Kiislamu. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, huiruhusu mahakama wakati wa talaka kugawanya mali waliyoichuma mume na mke kwa juhudi yao. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi ya mwanamke nyumbani nayo ni juhudi. Hilo ni dai la wakati wa talaka, si la mirathi. Na sheria ya ukomo wa mashauri, nayo ya mwaka 1971, imeweka miaka 6 kwa madai ya mapatano na 12 kwa madai ya ardhi. Kwa dini deni halizeeki, lakini mlango wa mahakama hufungwa. Basi asiyedai mapema huenda akabaki na haki isiyo na njia.

NASAHA

Enyi wanaume wa pwani. Aliye hai naye ameahidi, na asiiache ahadi yake ingoje kaburi. Kama ni mahari, alipe. Kama ni nyumba, akabidhi leo mbele ya mashahidi, au aseme wazi kuwa hawezi, mwanamke apate kujua la kufanya. Kama ni wasia, auandike katika mpaka wa thuluthi, amweke wasii mwaminifu, awaambie wanawe, ili karatasi isije ikawashtua siku ya msiba. Aliyeandika jambo asiloweza kulitimiza kwa sharia amewaachia wanawe fitina, akaiita ukarimu.

Enyi warithi. Mtalaka wa baba akija na karatasi, msimfukuze barazani. Isomeni. Ulizeni mna deni ndani yake? Ulikuwapo ufunguo uliotolewa? Ni wasia? Yaliyothibiti, mlipeni kabla ya kugawanya. Yasiyothibiti, kumbukeni Sura ya Nisaa, aya ya 8: waliohudhuria mgawanyo wasio na fungu, Mwenyezi Mungu ameagiza waruzukiwe kitu na waambiwe maneno mema. Mwanamke huyo alimpikia baba yenu, na pengine ndiye aliyewalea baadhi yenu. Watu wazima wana ruhusa ya kutoa katika mafungu yao; lakini fungu la yatima lisiguswe kwa ukarimu wa mtu mwingine, kwani anayekula mali ya yatima anakula moto.

Enyi mababa na makaka wa wanawake. Siku ya talaka msipokee maneno matamu mkayaacha mahari. Binti yenu hana uwezo wa kufungua kesi na maiti. Lidaini lililo dhahiri, na liandikwe kwa harufu ambazo wajukuu wataweza kuzisoma, lishuhudiwe na walio vijana na waliozeeka. Wala msidai lisilo haki yake. Kwani Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Baqara, aya ya 237, amewaagiza walioachana wasisahau ihsani baina yao, na ihsani haikai pamoja na dhulma.

Mwenyezi Mungu awawafikishe Waislamu kutimiza ahadi zao wangali hai, awalipie madeni wafu wao, awahifadhi mayatima na wajane, na aisalimishe miji ya pwani na ugomvi wa mali ya urithi. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na ali zake, na sahaba zake. Amin.